Mawe Aliyoyaosha Bi Zuhura

Harufu ya sabuni ya mche ikikutana na udongo uliolowa bado hunisimamisha nilipo. Juzi nilikuwa nikiosha viazi jikoni, maji yamekuwa ya kijivu kwa matope, mwanangu akaja na kipande cha sabuni akanawa mikono katika karai lile lile. Nikaacha nilichokuwa nikifanya. Nilisimama nimeshika kiazi, mtu mzima mwenye nyumba yake. Mtoto akaniuliza, "Mama, umejikata?" Sikuwa nimejikata. Nilikuwa nimerudi Wiyoni, mtaa wa Lamu, katika ua wetu wa zamani, na nilikuwa nikimngoja baba arudi.

Ninyi wa rika langu mliolelewa na wazazi waliohamishwahamishwa na kazi ya serikali mtajua ninachosema. Mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kutouliza "kwetu ni wapi," kwa sababu jibu hubadilika. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, Mkamba kutoka bara, na kazi ndiyo iliyotuleta Lamu. Mama alikuwa amefariki kabla sijaanza shule. Sura yake naijua kwa picha tu. Tulipanga nyumba ya makuti yenye ua wa mchanga, na chumba kilichotazamana na chetu, ng'ambo ya ua, kilikuwa cha Bi Zuhura, mwanamke wa Siyu, kwenye kisiwa cha jirani, aliyefiwa na mume na hakujaliwa mtoto. Hakuna aliyemwajiri kunilea. Siku tuliyohamia alinisikia nikilia, akaingia bila kubisha, akanibeba mgongoni, na tangu hapo nikawa wake. Yeye alikuwa mtu wa swala tano na sisi ni watu wa kanisa, lakini kila Jumapili asubuhi ni yeye aliyenisuka nywele ili nisiende mbele ya Mungu, alivyosema, nikiwa kama kifagio. Kwake nchi ilikuwa nti na njia ilikuwa ndia, na mimi nikiyapeleka maneno hayo shuleni, mwalimu wa Kiswahili akiyakata kwa wino mwekundu.

Baba alikuwa na mapenzi mawili, mimi na mawe. Kila likizo alisafiri hadi machimbo fulani bara ya Mombasa, mahali ambapo matope ya bahari ya kale yaligandamana yakawa mwamba wa tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa. Ndani ya mwamba ule mlikuwa na wanyama waliogeuka mawe. Alivileta nyumbani vikiwa vimefungwa magazeti: vitu vya mviringo vilivyojikunja kama pembe ya kondoo dume, vingine vidogo kama kitufe cha shati, vingine vikubwa kama sahani ya mezani. Waliitwa amonaiti. Walikuwa na mikono kama pweza, baba alisema, na waliishi katika nyumba yao ya duara, na wakaisha wote duniani kabla ya kuwapo mtu wa kuwaona.

Siku ya kwanza niliposema "mawe haya," alinirekebisha.

"Hawa, Mwende. Si haya. Walizaliwa, wakala, wakaogopa, wakafa. Kiumbe aliyewahi kuogopa usimwite 'haya'."

Basi nikawaita hawa. Jumamosi alasiri alikuwa akiwapanga kwenye sakafu ya saruji, kuanzia ukutani kwenda mlangoni. Walio karibu na ukuta walitoka tabaka la chini kabisa, wazee. Walio karibu na mlango walitoka tabaka la juu. Alinishika kidole akakipitisha juu ya migongo yao ili nihisi zile mbavu zilizotokeza. Wa ukutani walikuwa na mbavu nene, kila ubavu peke yake. Mbele kidogo, ubavu uliachana katikati ukawa miwili, kama njia panda. Mbele zaidi uliachana mara tatu. Na pale ganda lilipobambuka, ulionekana mshono, mstari mwembamba uliopinda na kupinda kama ukingo wa kofia ya kudarizi, na mshono huo nao ulizidi kuwa na mapindi kadiri tulivyokaribia mlango.

"Unaona? Wa juu wametokana na wa chini," baba alisema. "Si kwa siku moja. Kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha."

Ili asisahau nani katoka tabaka lipi, kila mmoja alimwandikia namba kwa rangi nyeupe, papo hapo machimboni, kabla hajamfunga. Namba ile ndiyo iliyokuwa kila kitu. Amonaiti bila tabaka lake, alisema, ni pambo la kuzuilia mlango. Katikati ya kila mmoja palikuwa na shimo dogo pale mikunjo ilipoanzia. Baba alipaita kitovu. Nilipenda neno hilo, kwa sababu na mimi nilikuwa nacho.

Bi Zuhura alizoea kusimama mlangoni akitutazama. "Mngu ndiye ayuwao alivyoviumba," alikuwa akisema, kisha anatuletea mkate wa mofa. Hawakuwahi kugombana juu ya jambo hilo. Ugomvi ulikuja kutoka nje.

Baba alipata habari kwamba mtaalamu mmoja wa chuo kikuu, Daktari Nekesa, angekuja kuutazama mkusanyo wake. Akiridhika, baba angepata nafasi ya kusoma zaidi Nairobi, jambo alilolitamani tangu kabla sijazaliwa. Nyumba yetu ikabadilika harufu, hewa yake, kila kitu. Baba alilala kidogo. Aliwatoa wote chini ya vitanda, akawaanika uani wapigwe mwanga ili aangalie mbavu zao, na ua wetu haukuwa na lango la maana. Wapitao wakachungulia. Wakaona mawe yaliyojikunja kama nyoka, kila moja na namba nyeupe, na mwalimu wa bara amepiga magoti katikati yake.

Wakati huo huo Shee, mtoto wa jirani, akashikwa na homa na kuweweseka. Mama yake alikuwa mwanamke mpole, lakini siku ile alisimama kwenye ua wetu na kanga imemteleza kichwani na hakujali.

"Mwalimu," alisema, "nakuomba. Ulichokifunga kifungue."

Baba aliinuka, mikono ina vumbi. "Sijafunga kitu, Mama Shee. Hizi ni namba tu. Moja, mbili, tatu, za tabaka."

"Talasimu ni namba tu pia."

Baba alitabasamu, na hapo ndipo alipokosea. Hakumcheka, alikuwa mtu wa kutabasamu anapokosa la kusema. Lakini Mama Shee aliliona lile tabasamu, akaondoka kinyumenyume mpaka nje, kana kwamba hataki kutupa mgongo. Bi Zuhura aliona yote akiwa jikoni kwake. Tangu siku ile nikawa nikienda bombani na ndoo, mazungumzo yananyamaza.

Jumamosi moja baba alikwenda shuleni kusimamia mtihani, nami nikaenda kwa rafiki yangu. Niliporudi, kabla sijapita kizuizi cha makuti, harufu ilinipokea: sabuni ya mche, mafuta ya taa, na udongo mbichi. Ua ulikuwa umelowa. Bi Zuhura ameketi kwenye kibao cha mbuzi, gauni limelowa hadi magotini, kumbi la nazi mkononi. Mbele yake, kwenye jamvi, walikuwa wamepangwa wote. Weusi, wanang'aa, wazuri kuliko nilivyopata kuwaona. Hapakuwa na hata chembe ya rangi nyeupe.

"Ndoo, Mwende wangu," alisema, akinipungia mkono nije. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka. "Tazama. Sasa nani atakayesema kitu?"

Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa. Sikuelewa mambo mengi, ila hilo nililielewa lote kwa mara moja, kama mtu anayekanyaga pasipo na ngazi. Nilitaka kumwambia na sikuweza, kwa sababu alikuwa anafurahi. Niliketi kando yake. Tulikaa hivyo jua likihama ukutani, yeye akijipangusa mikono, mimi nikisikiliza viatu vya kila apitaye nje.

Baba aliingia akiimba wimbo wa kanisani. Aliimba mpaka katikati ya ua. Akainama, akamwokota mmoja, akamgeuza. Akamweka. Akamwokota mwingine. Aliendelea hivyo kwa muda, bila haraka, kama mtu anayetafuta sarafu aliyoidondosha, hata nikafikiri huenda mmoja amesalimika.

"Nani?" aliuliza.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Wote?"

"Wote. Hata wa chini ya kitanda."

Baba hakufoka. Ningependa angefoka. Aliketi mchangani na suruali yake ya kazini, akaegemeza kichwa magotini, kisha akainuka akatoka nje na hakurudi mpaka taa zimewashwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Bi Zuhura alipika kama kawaida na kuleta chakula chini ya kawa, na kawa lilikaa pale pale. Baba alinunua mkate dukani akala akiwa amesimama. Bi Zuhura alikuja kuichukua sahani, akafunua, akaona, akafunika. Mara moja alisema, "Mwalimu, lau ningeyua…" Baba akasema, "Haidhuru, Bi," bila kuinua uso. Kila mmoja alinisemesha mimi, na hawakusemeshana wao. Usiku sikuwa na ndoto, mchana nilijitahidi kutembea bila kugonga kitu.

Alfajiri moja niliamka nikamkuta baba sebuleni, mlango umefunguliwa ili mwanga uingie. Alikuwa na kikopo cha rangi nyeupe na brashi. Mbele yake walikuwa wamepangwa tena, kutoka ukutani hadi mlangoni, na nusu yao walikuwa na namba. Furaha ilinirusha.

"Wamerudi!"

Alishtuka kama aliyefumaniwa. Alinitazama, akaitazama brashi. Kisha akachukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa, na akaanza kufuta. Alifuta namba moja baada ya nyingine, kwa nguvu, mishipa ya shingo imesimama.

"Kwa nini, baba? Si unawajua? Ubavu mmoja chini, mbavu mbili juu."

"Ndivyo ninavyodhani mimi," alisema. "Na ndilo nililotakiwa kulithibitisha. Nikimwandikia namba kwa kutazama mbavu zake, halafu nikaenda kusema 'angalieni, mbavu zinafuata namba', nitakuwa nimefanya nini? Ni kama mtoto anayenakili majibu nyuma ya kitabu, kisha anadai amepiga hesabu."

Nilichoelewa mimi ni kwamba baba amekata tamaa.

Siku hiyo hiyo jioni, au kesho yake, nilikuwa kitandani na yeye yuko uani akizungumza kwa simu na rafiki yake wa zamani wa chuo. Simu zilikuwa bado kitu cha kupigia kelele. Nilisikia kila neno lake.

"Hapana, hawana kwao tena. … Nimejaribu. Hakuna wa kuniambia wametoka wapi. … Niwapeleke Nairobi wa nini? Watakuwa mzigo tu. … Nimeamua, nitawaacha hapa hapa. Daktari akija nitamwambia mwenyewe."

Nililala nimekodoa macho nikitazama makuti. Tulikuwa wawili tu ambao baba angeweza kuwasema hivyo. Bi Zuhura, na mimi. Nilijipima kwa kila neno na kila neno likanienea. Sina kwetu: kweli. Hakuna wa kusema nimetoka wapi: mama amekufa. Mzigo: nilikuwa nimemsikia shangazi akilisema neno hilo juu yangu kwenye mazishi ya jamaa bara. Asubuhi sikumuuliza baba. Mtoto anayeogopa jibu hamuulizi mwenye jibu. Nilimwendea Bi Zuhura akanisuka, na nikiwa nimempa kisogo, nisiuone uso wake, nikamwambia yote.

Mikono yake ilisimama kichwani mwangu.

"Alisema hivyo? Mzigo?"

"Alisema. Atatuacha."

Akaendelea kusuka. Alinisuka vizuri kuliko siku zote, mistari imenyooka, na alipomaliza akanibusu utosini. Nilikwenda shuleni. Niliporudi chumba chake kilikuwa na kufuli, na kamba aliyoanikia nguo ilikuwa tupu.

Baba alinikuta nimeketi mbele ya mlango ule. Ilikuwa Ijumaa, na Daktari Nekesa alitarajiwa Jumamosi mchana.

"Bi yuko wapi?"

"Amekwenda kwao Siyu. Kwa sababu hututaki."

"Nani alisema hivyo?"

"Wewe. Kwenye simu. Ulisema hawana kwao, ni mzigo, utawaacha hapa hapa."

Nilimwona baba akitafuta, akirudi nyuma katika maneno yake mwenyewe. Nikaona pia alipoyapata. Uso wake ulilegea, akapiga magoti akanishika mabega kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Amonaiti, Mwende! Nilikuwa nawasema amonaiti!"

"Ulisema hawa."

Aliniachia mabega. Kuwaita hawa alinifundisha mwenyewe.

Tulikwenda gatini bila kubeba kitu. Mwenye boti ya mwisho ya Siyu alikuwa anafungua kamba. Alimtazama baba na viatu vyake vya ngozi, kisha akayatazama maji. "Mai yakitoka, Mwalimu, kesho hamurudi mapema. Mkondo hukauka."

Baba alijaribu kumpigia daktari. Simu yake ilikuwa imezimwa, labda yuko njiani. Alisimama pale, mguu mmoja gatini, na mimi nikamtazama kwa hofu ambayo sijapata kuihisi tena, kwa sababu nilijua, mdogo vile, kwamba anachagua, na kwamba kitu anachokiacha ni kikubwa. Akaingia botini.

Tulifika Siyu jua likielekea kuzama, tukapita vichochoro mpaka nyumba ya Bwana Athman, kaka yake Bi Zuhura. Alikuwa barazani, mtu mrefu mwenye ndevu chache, akamkaribisha baba kwa adabu zote na baridi zote. Bi Zuhura alitoka, akaketi kwenye mkeka mbali na sisi. Hakunitazama, na hicho ndicho kilichoniliza.

Baba alieleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, hawa na haya, simu, rafiki, Nairobi, mpaka Bwana Athman akauliza, "Yaani mtoto alisikia habari za mawe?"

"Za mawe. Wallahi, Bwana." Baba, Mkristo, aliapa hivyo bila kujijua.

Bi Zuhura alikunjua ukingo wa mkeka. Kisha akasema, "Haya. Hilo lilikuwa la mawe. Na chakula changu ulichokiacha chini ya kawa, Mwalimu, hilo nalo lilikuwa la mawe?"

Baba alimgeukia uso kwa uso.

"Hapana," alisema. "Hilo lilikuwa langu. Niwie radhi, Bi Zuhura."

"Hukuniuliza kwa nini."

"Sikuuliza."

"Nduguze Mama Shee walikuwa waye Ijumaa, wakitoka kuswali. Wayatwae wayatose baharini, yote. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikaona ni zile namba ziwatiazo hofu. Nikasema, nizitoe, mawe ya mwalimu yabaki."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungewafuata na vitabu vyako ukawaeleze."

Bwana Athman alikohoa, nadhani kuficha kicheko. Baba hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa. Na Bi Zuhura, ambaye sasa hasira imempungua na aliyekuwa mtu wa kuona aibu kwa kazi isiyotimia, akaongeza kwa sauti ya chini, "Tena hata hawakutakata vyema. Vitovuni mwao mna udongo, kumbi haliingii. Nilikuwa nitafute sindano niutoe, nikatoka."

Baba aliinua kichwa. "Vitovuni?"

"Baadhi yao. Wale wa shimo refu."

"Udongo ungalimo?"

"Siyui kama mtoto ameutoa."

Nilitikisa kichwa. Baba alisogea karibu na mkeka wa Bi Zuhura. Alitueleza polepole, kwanza kwake Bi Zuhura, kwamba udongo ule si uchafu. Ni tabaka lenyewe. Mnyama alipozama, matope ya siku zake ndiyo yaliyomwingia, na matope ya tabaka moja si ya jingine. Kuna ya kijivu cha samawati, kuna yenye kutu, kuna yenye chembe zinazometameta, na ndani yake mna vijidudu ambavyo mtu mwenye darubini anaweza kuvisoma. Aliyebakiwa na udongo kitovuni anaweza kujulikana kwao.

"Basi twendeni," Bi Zuhura alisema.

"Mai yametoka," alisema kaka yake.

Tulilala pale. Asubuhi mkondo ulikuwa tope jeusi na kaa wekundu, na boti imelala ubavu. Baba alikwenda ukingoni na kurudi, akaenda tena. Mawazo yake yalikuwa Lamu, ambako mtu aliyemngoja maisha yake yote alikuwa anashuka kwenye boti na hakuna wa kumpokea. Maji yalirudi kwa uvivu. Tuliposhuka Lamu adhuhuri ilikuwa imepita zamani, tukaenda mbio, Bi Zuhura ameshika buibui lake kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine.

Daktari Nekesa alikuwa ameketi uani kwetu kwenye kigoda, viatu amevua, anakunywa chai. Aliyempa chai ni Mama Shee. Alikuwa amesikia kwamba amekuja daktari, akamletea Shee kifuani, homa bado haijamwacha. Daktari alipomwambia kwamba yeye ni daktari wa mawe, hakumwacha aende hivyo. Daktari alimpeleka yeye mwenyewe hospitali, wakangoja pamoja, Shee akapimwa, ikawa malaria, wakarudi na dawa. Sasa mtoto amelala kwenye kanga, jasho limemtoka, na Mama Shee alipotuona aliinuka, akataka kusema, akashindwa, akammiminia baba chai.

Baba hakuinywa. Alisema akiwa amesimama, mbele yetu sote, "Daktari, namba zote zimefutika. Nilianza kuziandika upya kwa kukisia, nikaziondoa. Nilichonacho ni wale wenye udongo kitovuni."

Hakusema ni nani aliyezifuta. Bi Zuhura alifungua kinywa, na baba akamtazama, akakifunga.

Daktari alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alipiga magoti kwenye jamvi akatoa lenzi yake. Alimgusa kila mmoja. Wengi aliwaweka kushoto, na kila alipomweka mmoja kushoto nilimwona baba akipungua kimo. Wachache tu waliwekwa kulia. Mwishowe akajipangusa magoti.

"Huu mpangilio siwezi kuupokea, Mwalimu. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua."

"Hawa nitawachukua, niutazame udongo wao."

Nafasi ile ya masomo alipewa mtu mwingine. Sitalipamba hilo. Baba alilichukua kama mtu anayemeza dawa, akarudi kufundisha mito na milima. Bi Zuhura aliendelea kuleta chakula, na baba akawa anakula mpaka anafuta sahani.

Miezi ikapita, ndipo Daktari Nekesa akapiga simu. Nilikuwa nimekaa karibu na baba, nikamsikia akirudia kila alichoambiwa. Udongo ulikuwa umesema. Karibu wote walikuwa pale pale alipodhani: ubavu mmoja chini, mbavu zilizoachana juu. Karibu wote. Mmoja, mwenye mbavu zilizoachana vizuri kabisa, alikuwa ametoka tabaka la chini, kati ya wazee, ambako hakutarajiwa.

Baba aliweka simu chini akaanza kucheka, machozi yanamtoka. Bi Zuhura alikuja mbio kutoka jikoni na unga mikononi.

"Yule ningemkosea!" baba alisema. "Bi Zuhura, alfajiri ile nilimwandikia namba ya juu. Kwa mkono wangu. Nisingeifuta, ningedanganya kwao ni wapi, na asingejulikana kamwe."

"Yuwalia au yuwacheka?" Bi Zuhura aliniuliza.

Kwa ajili ya yule mmoja alirudi machimboni likizo baada ya likizo, akaanza upya kutoka tabaka la chini, na safari hii namba alizichonga kwa msumari. Nafasi ya Nairobi ilikuja nikiwa ninakaribia kumaliza msingi. Nilidhani tutakwenda watatu. Baba alimwomba Bi Zuhura mara mbili, mbele yangu, na mara zote mbili alikataa kwa upole. Alisema mtu akihama uzeeni hufa kwa kiu huku maji yapo. Siku ya kuondoka alinisuka, akanipeleka gatini, na aliponiachia mkono sikuwa na wa kumlaumu. Hilo lilikuwa gumu kuliko ile hofu ya mwanzo. Kuachwa nilikuwa nimekufanyia mazoezi. Kuacha sikuwa nimekufikiria.

Mwaka huu Bwana Athman alitupigia simu: Bi Zuhura amefariki. Kwa kuwa Waislamu hawangoji kuzika, tulifika Siyu amekwisha kuzikwa, baba sasa anatembelea mkongojo, mimi nimejifunga leso kichwani. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Mlangoni alisimama msichana wa ukoo asiyetujua, akatuzuia kwa heshima.

"Shikamooni. Ninyi ni nani wake?"

Baba alifungua kinywa. Nilingoja aseme, nami nilitafuta neno, na hapakuwa na neno. Hatukuwa ndugu, hatukuwa wa dini yake, majirani tulikuwa zamani. Msichana alingoja. Nyuma yake, kutoka gizani mwa ukumbi, Bwana Athman akatuona, mzee sana, akauinua mkono wake.

"Wapisheni ndia," alisema. "Wafiwa wamewasili."

Wakatupisha.